Siku Tatu za Cherangani

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu tu, lakini kuipanga kulituchukua karibu mwaka mzima, na tulipomaliza kuipanga nilikuwa nimechoka kana kwamba nimeipanda milima yote ya Cherangani kwa magoti.

Wazo lilikuwa langu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Kakuma, katika shirika moja linaloshughulikia maji ya kambi ya wakimbizi, na mimi nilikuwa nikifundisha shule ya upili hapa Lodwar. Nyumba yetu iko mtaa wa Kanamkemer. Kati yetu palikuwa na barabara, ambayo siku hizi ina lami na haichoshi, ila ndoa haipimwi kwa lami. Alikuwa akija nyumbani kila mwisho wa mwezi, mwaka nenda mwaka rudi, tangu kifungua mimba wetu alipokuwa anatambaa. Ijumaa jioni anafika, Jumamosi analala mchana kutwa, Jumapili tunakwenda kanisani tumevaa vizuri, na kabla wali haujapoa sahanini gari la kumrudisha linapiga honi nje. Mazungumzo yetu yalikuwa watoto: nani ana homa, nani kaanguka hesabu, nani anataka viatu. Kisha kitinda mimba akaenda chuo Eldoret, nyumba ikanyamaza, nasi tukawa hatuna la kusema.

Mwaka huohuo akaniambia kwamba mkataba wake ungeisha Desemba na kwamba safari hii haongezi. Alikuwa jikoni, amesimama, anakunywa maji.

"Narudi nyumbani, mwalimu," alisema. "Nimezunguka ya kutosha."

Watu wangedhani nilifurahi. Nilifurahi kidogo, halafu nikaogopa sana. Nilikuwa nimezoea kumngoja, na kumngoja mtu ni kazi moja, kuishi naye ni kazi nyingine. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini hawakusema mtu afanye nini fimbo hiyo ikiletwa karibu baada ya miaka ishirini. Nilitaka kujua, kabla Desemba haijafika, kama mimi na yeye tunaweza kukaa siku tatu pamoja bila mtoto, bila mgeni na bila simu ya kazi. Zikitushinda siku tatu, basi nianze kujiandaa mapema kwa miaka iliyobaki. Hayo sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba nataka twende kuendesha baiskeli milimani.

Baiskeli hazikutoka hewani. Alipokuwa akinichumbia, mimi nikiwa mwalimu mgeni niliyetoka Bungoma na ngozi inayobambuka kwa jua, alikuwa akija kwa baiskeli nyeusi ya kukopa, nami nikapata yangu ili tusitembee kama wachungaji. Jioni tulikuwa tukiendesha kando ya mto Turkwel mpaka giza litufukuze. Baadaye, Kakuma, wazungu wawili waliokuwa wakirudi kwao walimwachia baiskeli za milimani, zenye matairi mapana na gia nyingi kuliko tulivyohitaji. Tulizitumia Jumapili chache. Siku nyingine zote zilikaa ukutani zikila vumbi, na ndege mmoja alitaga chini ya kiti cha baiskeli yangu.

Cherangani nilikuwa nikiiona kila nilipokwenda kwetu. Basi likifika Kapenguria, ukitazama upande wa kushoto, milima ile imechorwa njia kila mahali: njia za ng'ombe, njia za watoto wa shule, njia za wanawake wa kwenda sokoni, zinapanda, zinashuka, zinaingia msituni na kutoka upande wa pili. Huku kwetu Turkana njia zipo pia, lakini mchanga unazifuta jioni, asubuhi mtu anaanza upya. Nilitamani njia ambayo ukiiacha leo utaikuta kesho. Pia nilitamani matope, nisiseme uongo. Mtu aliyelelewa chini ya mlima Elgon anaweza kuishi jangwani miaka mingi, lakini mvua ikinyesha ndotoni anaamka akilia.

Mwenzangu wa shuleni alinipa namba ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huko juu, kijijini, mahali ambapo watu huja na baiskeli zao. Tukazungumza. Mama yule ana sauti ya mtu asiye na haraka. Aliniambia vyumba vipo, mablanketi yapo, na kuhusu njia nisiwe na wasiwasi, kwa sababu kila boma lina njia yake na kila njia inafika mahali.

Hapo mipango ikaanza, na mipango na mume wangu ni kama kuchimba kisima. Lazima kwanza ajue maji yako wapi. Alikuja mwisho wa mwezi na kalamu, akatandaza karatasi mezani, akaniuliza swali lake la kwanza.

"Maji ya kwanza iko wapi?"

Nikamwambia maji yako kila mahali. Akasema hakuna mahali ambapo maji yako kila mahali. Akachora mstari na kuweka vituo juu yake, kituo mpaka kituo, jinsi ambavyo mtu wa huku hupanga safari yoyote, awe na mbuzi, punda au gari la serikali. Mwezi uliofuata alikuja na madumu mawili ya manjano na mipira ya kuyafungia nyuma ya baiskeli. Ratiba pia alikuwa ameipanga: tutoke kabla ya alfajiri, tuendeshe mpaka jua liwe kali, tulale chini ya mti mpaka lipoe, kisha tuendelee. Nilimweleza kwamba Cherangani alfajiri majani yana barafu, na kwamba saa anayotaka kulala chini ya mti ndiyo saa watu wa huko hutoka nje kuota jua. Alinitazama kama niliyemtukania ukoo. Alisema jua ni jua.

Ilibidi nimpigie simu yule mama, nikaweka sauti juu ili mume wangu asikie mwenyewe. Nikauliza kuhusu maji njiani. Mama alicheka mpaka akakohoa. Akasema huko watu huomba yaishe, kwamba kila alasiri mvua inanyesha hata ng'ombe wamechoka, na kwamba tukileta madumu tutayarudisha na maji yetu wenyewe.  Mume wangu alitoka nje akakagua matairi. Lakini madumu hakuyatoa kwenye mzigo mpaka siku ya mwisho.

Aprili ilikuwa tarehe ya kwanza. Mito ikashuka, barabara ikakatika, magari yakalala njiani, tukaahirisha. Juni shule ikaniongezea madarasa ya mwalimu aliyehamishwa, nikawa nasahihisha mitihani huku taulo lenye maji liko shingoni kwa joto. Agosti walikuja wageni. Huku mgeni haulizwi anaondoka lini. Ukiuliza umemfukuza. Kwetu Bungoma tulikuwa tukisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Kanamkemer hutapata mahali pa kulima hata ukiwa na jembe, kwa hiyo mgeni anabaki. Walikuwa binamu za mume wangu kutoka Kataboi, watu wema wenye samaki mkavu na hadithi ndefu, na walikaa mpaka ruhusa ya mume wangu ikaisha. Mimi nilipika. Yeye alilala. Usiku nilikuwa nikihesabu vikombe vichafu badala ya kondoo.

Kila tulipoahirisha nilimpigia yule mama simu kumwomba radhi, na kila mara alisema hakuna neno, milima haiendi popote. Nilianza kuona aibu. Shuleni walimu walikuwa wamenipa jina, Bi Baiskeli, na kila Jumatatu mmoja wao aliniuliza kama tumeshashuka mlimani. Nilikuwa nacheka nao. Ndani nilikuwa nimechoka na mambo yote mawili, safari na kutokwenda safari, lakini sikuweza kuiacha, kwa sababu Desemba ilikuwa inakuja hata nikifanya nini.

Septemba niligundua kwamba baiskeli zetu hazina breki. Si kwamba zilikuwa mbovu, hazikuwepo kabisa. Nilikuwa nazifuta vumbi nikashika mkono wa breki ukaniangukia mguuni. Nilipompigia mume wangu simu, alisema bila haya kwamba za mbele alizitoa miaka mingi iliyopita kwa sababu zilikuwa zinasaga mchanga na kupiga kelele, na za nyuma akaona zitakuwa na upweke. Nani anahitaji breki Lodwar? Ukitaka kusimama unaingia kwenye mchanga, baiskeli inasimama yenyewe, na ukiwa na bahati mbaya unasimama kwenye miba ya mti wa mathenge. Mwanamume huyu alikuwa ametumia miezi kupanga vituo vya maji katika nchi ya mvua, na wala hakuwa amefikiria kwamba mlima una upande wa kushuka.

Kwa hiyo Jumamosi moja nilizifunga baiskeli zote mbili juu ya gari nikaenda nazo Kakuma, ambako mafundi wa baiskeli ni wengi. Mume wangu alinipeleka kwa fundi mmoja Mkongomani aliyekuwa na kibanda karibu na duka la chai la Msomali. Fundi alizigeuza juu chini, akatazama pale breki zilipopaswa kuwa, akamtazama mume wangu kwa huruma.

"Na munaenda nayo kwenye mulima?" aliuliza. "Baba, iko mutu munachukia?"

Tulicheka sote watatu, mpaka mwenye duka la chai akatoka kuuliza kuna nini. Nilimtazama mume wangu akicheka, meno yote nje, nikakumbuka kwa nini nilibaki katika nchi hii yenye jua la kuua. Fundi akafunga breki mpya. Akanionyesha mimi, si yeye, namna ya kushika kidogokidogo nyuma na mbele pamoja, kwa sababu ukikamata ya mbele peke yake kwenye mteremko utaitangulia baiskeli yako kufika chini.

Wakati fundi anamalizia, tulikwenda kupumzika chumbani kwa mume wangu, katika makazi ya wafanyakazi. Sikuwa nimefika huko muda mrefu. Rafu zilikuwa tupu. Picha za watoto zilikuwa zimetolewa ukutani, misumari imebaki. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku kubwa jipya, limefungwa. Nikamuuliza mbona mapema, Desemba bado. Akasema ameanza kufungasha polepole, mtu asije akasahau vitu.

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi mpaka nikatoa mapazia yake madirishani nikayafua kwa mkono, ingawa yalikuwa ya shirika. Niliporudi Lodwar nilimwondolea rafu mbili za kabati langu na kuzipangusa.

Tarehe ya mwisho ikawa Novemba, shule zikiwa zimefungwa. Safari hii kila kitu kilikaa mahali pake. Jirani yetu mwenye pikapu ya kuleta mboga kutoka Kitale alikubali kutubeba na baiskeli zetu mpaka Kapenguria, asubuhi na mapema. Masweta nilikuwa nimeyanunua mitumbani. Mume wangu alifika na mkoba mmoja, akaingia kuoga akiimba. Nikajisemea kwamba huenda safari hii kweli.

Mchana wa kuamkia safari, lori la mifugo likasimama nje ya lango letu, akashuka baba mdogo wa mume wangu kutoka Lokiriama, na mbuzi.

Mzee huyu nampenda, ingawa ananichosha. Huvaa kofia ya mpira wa miguu na kuning'iniza simu shingoni kwa kamba, na akiona kitu kizuri anakiomba, kama ilivyo desturi, nawe unampa, kama ilivyo desturi. Kabla hajakaa alikuwa ameshaomba soda baridi na miwani yangu ya jua, na vyote viwili akapata. Tulisalimiana, ejok, ejok, tukaulizana habari za watu, mifugo na mvua. Kisha akaziona baiskeli zimeegemezwa ukutani. Yeye hajui Kiswahili kingi, kwa hiyo mume wangu alikuwa akitutafsiria, ingawa Kiturkana cha nyumbani nakisikia vizuri, kukijibu ndiko kunakonishinda.

Alitaka kujua kama tunahama. Nikasema hapana, tunapanda mlima, tunashuka. Akauliza, kisha? Nikasema kisha tunapanda mwingine. Akauliza malisho ya huko yakoje na mifugo yetu iko wapi. Mume wangu akamweleza kwamba hatuna mifugo, tunakwenda tu. Mzee akafikiri kwa muda. Akauliza kama ni serikali inayotulipa.

Habari za safari alikuwa amezipata kwa simu, na ndiyo sababu ya mbuzi. Katika ukoo wao mtu haachwi aende mbali kabla njia yake haijatazamwa. Mbuzi anachinjwa, utumbo unatandazwa juu ya majani, na mwenye kujua anausoma: kule kuna mvua, kule kuna adui, hapa njia ni safi. Mimi ni mtu wa kanisa, na mambo hayo huwa nayapitia pembeni bila kuyakanyaga. Mume wangu naye ni mtu wa kanisa, hata sadaka huhesabu yeye, lakini katika maisha yetu yote sijamwona akianza safari kubwa kinyume cha utumbo. Alipokwenda Kakuma mara ya kwanza walichinja. Mtoto wetu alipokwenda Eldoret walichinja. Sikuona sababu ya kubishana na mbuzi nilipokuwa nimefika mwisho wa nguvu zangu. Niliuliza tu kama itaisha mapema, ili nipate kulala.

Shughuli hiyo ni ya wanaume. Walikaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, wao wawili, na mimi nikakaa kwenye mlango wa jikoni nikichambua mchele wa chakula cha jioni, karibu vya kutosha kusikia. Mzee alikuwa amevaa miwani yangu. Alishika kijiti akaanza kufuata mikunjo ya utumbo, taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye tangazo. Mume wangu, mikono ina damu hadi viwikoni, alinigeuzia uso na kunitafsiria, nusu kwa mzaha. Hapa ni Lodwar. Huu ni Turkwel. Hii ni njia ya kwenda Kitale, imekaa wazi, Kainuk hakuna mtu mbaya. Hapa peupe ni mvua, mvua nyingi.

"Mwambie hiyo tuliambiwa bure kwa simu," nilisema, na mume wangu akacheka.

Kijiti kikasonga mbele, kikasimama. Mzee akainama. Akasema kwamba hapa njia inagawanyika. Moja inapanda mlimani. Nyingine inarudi kaskazini, inapita Kakuma, inaendelea. Akainua uso akauliza ni nani kati yetu anayekwenda huko.

Nilielewa kila neno. Niliendelea kuchambua mchele nikingoja mume wangu anitafsirie, kama alivyokuwa akifanya. Hakunitafsiria.

"Mzee anasema nini?" nikauliza.

"Anasema kutakuwa na baridi."

Mzee, akidhani hajasikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Njia hii ya kaskazini ni ya nani. Mume wangu aliweka kisu chini. Alikitazama kile kipande cha utumbo kwa muda mrefu, na nilimwona usoni kwamba hakuwa anatazama utumbo wa mbuzi. Alikuwa anatazama kitu kilichomjua.

"Ni mimi," alisema, kwa Kiswahili, akinigeukia. "Nimepata kazi Juba. Nilikubali tangu Julai."

Nilishika sinia. Nakumbuka nililishika vizuri ili mchele usimwagike, kwa sababu nilikuwa nimeshauchambua na sikutaka kuuchambua tena. Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaona mambo yamekwenda mahali asipopajua, akarudi kwenye utumbo wake.

Nikamuuliza mume wangu alikuwa ameniambia nini kule jikoni mwanzoni mwa mwaka, akiwa na glasi ya maji mkononi. Akasema wakati ule alimaanisha. Alijaribu kumaanisha. Lakini kila alipokuja nyumbani, siku ya tatu alikuwa anaanza kutafuta viatu vyake. Hakuwa na mwanamke mwingine, akaapa, na nilimwamini, na kumwamini hakukunisaidia. Ingekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia. Alisema hajui kukaa nyumbani, hakuwahi kujifunza, na sasa amezeeka kuanza.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Kule juu."

"Juu wapi?"

"Cherangani." Alifuta mikono kwenye majani. "Ni pahali pazuri. Nilifikiria ukiwa umefurahi, na ile baridi unapenda, haitauma sana."

Miezi yote ile. Vituo vya maji, madumu, ratiba, breki. Nilikuwa nimedhani tunapanga safari moja. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kujaribu kama tunaweza kuishi pamoja, naye alikuwa anatafuta mahali pazuri pa kuniambia kwamba hatutaishi. Na nilichosikia kwanza hakikuwa hasira wala huzuni. Nilisikia usingizi. Nilisikia usingizi mzito kama wa mtu aliyeshushwa mzigo ambao hakuutua mwenyewe.

Wakati huo mzee akaita. Alikuwa ameingiza kidole mahali pale njia ilipogawanyika, akavuta, kikatoka kipande kirefu cha uzi wa gunia la plastiki, la bluu. Akakitazama kwa hasira. Alieleza kwamba mbuzi lazima alikila kwenye lori, na kwamba hii si njia, hakuna njia nyingine hapa, utumbo ulikuwa umejikunja tu juu ya takataka. Akakitupa kando. Akasema safari yetu ni safi, twende salama, na akauliza kama soda imebaki.

Mume wangu alikaa palepale amekodoa macho kwenye ule uzi. Sijawahi kumwona mtu aliyejuta hivyo. Nilicheka, na sikuwa nacheka kwa furaha, na nilipoanza kulia niliingia ndani nikawasha jiko, kwa sababu mgeni alikuwa na njaa na nyama ilikuwa mbichi.

Jioni ile nilipika. Tulikula. Mzee alisimulia habari za ngamia wa jirani yake, nami nikaitikia palipostahili kuitikia. Mume wangu aliosha vyombo, jambo ambalo hajawahi kufanya mbele ya ukoo wake, na mzee akajifanya hakuona. Nililala mapema upande wangu wa kitanda na sikuota chochote.

Asubuhi pikapu ilipokuja nilikuwa nimeshavaa sweta, katika joto la Lodwar, jasho linanitiririka mgongoni. Nilikuwa nimetoa baiskeli zote mbili nje. Mume wangu alitoka akanikuta nazifunika gia kwa matambara. Alisimama mlangoni, mkoba hauko begani, akaniuliza polepole kama bado tunakwenda.

"Tunaenda," nilisema. "Nimeipanga mwaka mzima. Lakini huko juu usiniambie kitu. Umeshaniambia."

"Na tukirudi?"

"Tukirudi, wewe utabaki kwa gari mpaka Kakuma. Mimi nitashukia hapa kwangu."

Alisikia. Alichukua kamba ya kufungia baiskeli, akiningoja niongeze neno, na dereva naye alikuwa anangoja, injini inanguruma.  Niliinua baiskeli yake upande wa mbele, nikalishikilia gurudumu imara dhidi ya ubavu wa pikapu, ili aifunge.